Mjadala: Chuo kikihamia mtandaoni, ada ibaki ileile?

Wakuu,

Kuna suala liliachwa kiporo vyuo vilipofunguliwa, nami naomba tulirudie. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 limekuwa janga la dunia. Vyuo vikuu vikafunga milango, mihadhara ikahamia kwenye skrini ndani ya wiki chache, kwingine ndani ya siku. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni ankara.

Tazameni Marekani, mwaka wa masomo 2020/21. Harvard walitoza ada kamili, dola 49,653, huku masomo ya shahada ya kwanza yakifundishwa mtandaoni. Princeton wakapunguza asilimia 10. Kama mmoja ameona kuna kilichopungua, mwenzake anasemaje hakuna? Wanafunzi wa vyuo kadhaa walikwenda mahakamani. Kesi nyingine zilitupwa, nyingine vyuo vikalipa ili yaishe.

Jibu linalotolewa haraka nalijua: unalipia elimu, hulipii jengo. Maneno matamu, lakini kamwambie hivyo anayesoma kemia. Kudondosha asidi tone kwa tone hadi rangi ibadilike hakufundishiki kwa kutazama mkono wa mtu mwingine kwenye video. Unajifunza siku ulipopitisha tone moja, ukalazimika kuanza upya. Wauguzi na wahandisi wana yao, wataeleza wenyewe.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili. Mhadhara wa saa mbili ulibaki wa saa mbili, mubashara, mhadhiri anasoma slaidi, sisi ni majina tu kwenye vijumba vyeusi. Mtandao ukikukatikia dakika kumi, ukirudi wenzako wameshafika mbali na hakuna aliyerekodi. Aliyeingia kwa simu anasikiliza huku anahesabu bando. Wanaouliza maswali ni walewale watatu. Mtihani nao ukaja na programu ya kutuchunga kupitia kamera, ukigeuza macho unahesabiwa unaibia. (Mie nikifikiri hutazama dari. Nilionywa mara mbili.)

Na msiniambie huko ndiko kusoma kwa mtandao. Open University ya Uingereza, chuo cha kusomea ukiwa mbali, ilianzishwa 1969, ikapokea wanafunzi wa kwanza 1971, na kozi zake huandaliwa na timu nzima kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wa kwanza. Kuna maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya mtu anayesoma peke yake, na kuna mkufunzi wa kusahihisha kazi zake. Elimu masafa ni ufundi. Sisi tulipewa mhadhara wa ukumbini, ukumbi ukaondolewa.

Kwa hiyo nasema: fungu la ada la maabara, maktaba na michezo lilipaswa kurudishwa, au ligeuzwe bando na kompyuta kwa wasio nazo. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mtoa mada, mimi ni mhadhiri. Wewe uliona slaidi. Hukuniona saa saba usiku nikirekodi somo chumbani, kwa kuwa mchana wanangu walikuwa nyumbani, shule zao nazo zimefungwa. Somo la dakika 40 lilinila usiku mzima. Nikikosea neno narudia, mbwa akibweka narudia.

Unadhani jengo likifungwa gharama zinakwisha? Mlinzi analipwa, mkutubi analipwa, na juu yake zikaja leseni za programu ambazo hazikuwamo kwenye bajeti. Ada ikikatwa, wa kwanza kuondolewa ni wale wa mikataba ya muda, ambao ndio waliobeba vipindi vingi. Hilo la saa mbili mubashara nakubali tuliwaumiza. Video fupi na kazi ya kufanya vingefaa zaidi, ila hakuna aliyetufundisha kufundisha hivyo. Tuliambiwa Ijumaa, tukaanza Jumatatu.

Mchangiaji wa pili

Mimi natumia kiti cha magurudumu. Kabla ya janga niliomba mihadhara irekodiwe, maana kuna siku lifti haifanyi kazi na ukumbi uko ghorofa ya tatu. Nikajibiwa kwamba kiufundi haiwezekani. Walipofungiwa nje watu wote, iliwezekana ndani ya wiki moja. Mwaka ule ndio nilihudhuria kila kipindi, mara ya kwanza tangu nianze chuo. Ya ada malizaneni, mimi nauliza kwa nini milango ilipofunguliwa rekodi zilikoma.

Mtoa mada

Mwalimu, usiku wako nauheshimu, na sikutaka mshahara wako uguswe. Ila angalia: umesema gharama mpya zilikuja, na mimi nasema gharama nyingine zilihamia kwa mwanafunzi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na anayeweza kutuamua ni mwenye daftari la hesabu. Chuo changu hakikutuonyesha. Basi narekebisha dai langu: kabla ya kujadili punguzo, chuo kiweke wazi kilichookolewa kwenye umeme, maji na maabara, na kilichoongezeka kwenye leseni.

Ndugu wa kiti cha magurudumu, swali lako limenikamata pabaya. Chuo kilipofunguliwa nilikuwa miongoni mwa waliotia saini turejeshewe mihadhara ya ukumbini, yote. Hatukuandika neno moja kuhusu rekodi.