Kwa nini mipaka ya majimbo isubiri kibali cha Rais? Tujadili

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi tunagombana juu ya kuhesabu kura. Mipaka ya majimbo, ambayo huamua mapema kura yako itajumlishwa na za nani, tunaipita kimya.

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane: Kivule, Chamazi, Mtumba, Uyole, Bariadi Mjini, Katoro, Chato Kusini na Itwangi. Jumla ikawa 272, Bara 222 na Zanzibar 50. Sina ugomvi na Chamazi, lililomegwa kutoka jimbo la Mbagala. Anayeijua Mbagala anajua mbunge mmoja alikuwa amezidiwa pale. Ninachohoji ni utaratibu.

Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume kazi ya kugawa majimbo, lakini mpaka Rais atoe kibali. Rais huyo kwa desturi yetu ndiye mwenyekiti wa chama tawala, chama chenye wagombea kwenye majimbo hayo hayo. Sheria ya 2024 ikaongeza neno "Huru" kwenye jina la Tume, kibali kikabaki palepale. Ukiona umeonewa, ibara ya 74(12) inaizuia mahakama kuchunguza yaliyofanywa na Tume katika kutekeleza madaraka yake. Sasa mwananchi wa kata iliyohamishwa jimbo aende wapi?

Wenzetu Kenya, ibara ya 89 ya Katiba yao imeweka majimbo 290, imetaja idadi ya watu inaweza kupishana kwa kiasi gani (asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, 30 kwingineko), na asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Hata hivyo tusiwapambe sana: tume yao ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na muda wa kupitia mipaka ukawapita Machi 2024.

Najua jibu litakalokuja: majimbo ni gharama, mbunge anataka mshahara na ofisi, lazima mkuu wa nchi aridhie. Hoja hiyo ina uzito, ila inahusu idadi tu. Basi Bunge lipange ukomo wa idadi kwa sheria, na mstari upite wapi iwe kazi ya Tume peke yake, mahakama ikiwa wazi. Mstari kupita upande huu au ule wa mto hakuongezi hata shilingi kwenye bajeti.

La Zanzibar ni gumu zaidi, na hapa msimamo wangu unayumba. Kwa sensa ya 2022 jimbo la huko lina wastani wa watu kama 38,000, la Bara karibu 270,000. Wapo wanaosema hiyo ni bei ya Muungano, nami nakubali kwa sehemu. Lakini mara saba?

Mnaotetea kibali, nitajieni kitu kimoja ambacho Rais anakiona kwenye ramani na Tume haiwezi kukiona.