Kibodi na mausi zimegoma upande wa Ubuntu tu, Windows ziko sawa. Nifanyeje?

mwalimu_wa_wete
Assalaam alaykum jamani. Nna kompyuta ya mezani hapa nyumbani Wete, ni mtumba nliununua Mlandege, ndani mna Windows 10 na Ubuntu 22.04, ukiiwasha inakuuliza wataka ipi. Windows nimeiwacha kwa ajili ya printa tu maana printa yangu na Ubuntu hawaelewani, kazi zote nafanya Ubuntu kwa sababu flashi za skuli zikiingia Windows zinamwaga virusi kila pembe. Sasa tangu juzi Ubuntu ikifika pale pa kutia paswedi kibodi haiandiki hata herufi moja na mausi haitikisiki, kishale kimekaa katikati ya skrini kimetuama tu kinanitizama. Nikiizima nikaingia Windows vyote vinafanya kazi kama hakijatokea kitu. Nshabadilisha matundu ya USB yote, ya mbele na ya nyuma, nshaazima kibodi ya jirani, yale yale. Hata alama ya wifi pale juu pembeni siioni. Na mitihani ya Kidato cha Pili imo humo humo Ubuntu na Jumatatu inatakiwa iwe ishachapishwa, na Windows haiyaoni mafaili ya upande ule. Nifute Ubuntu nitie upya au vipi?

ngalawa77
Waalaykum salaam. Kibodi imekufa hiyo dada, chumvi ya pwani hii inakula kila kitu, nunua nyengine uondokane nayo.

mwalimu_wa_wete
Imekufa vipi na hivi nnavyokuandikia nnaandikia kibodi hiyo hiyo niko Windows?

fundi_mtaani
Mwalimu usifute kitu, tafadhali. Mafaili yako yapo salama, tatizo ni mlango si nyumba. Windows peke yake haiwezi kusoma diski ya Ubuntu ndo maana huyaoni.

Nijibu mambo matatu. La kwanza, ile menyu nyeusi ya kuchagua Windows au Ubuntu, ya GRUB, mishale ya kibodi inapanda na kushuka? La pili, ukifika penye paswedi bonyeza Caps Lock uangalie kile kitaa kinawaka au la. La tatu, kabla ya juzi hiyo ulifanya apdeti yoyote ya Ubuntu?

Nauliza hivi kwa sababu kibodi hiyo moja inashikwa na watu watatu kwa zamu. Ukiwasha tu inakuwa mikononi mwa BIOS, ile programu ya mashine yenyewe inayoiamsha, na GRUB inatumia hiyo hiyo ya BIOS, haina draiva zake, yaani programu za kuendeshea vifaa. Ukishachagua Ubuntu, kerneli, yaani kiini cha Ubuntu, inamnyang'anya BIOS na kuishika kwa draiva zake yenyewe. Ukichagua Windows, nayo ina za kwake. Kwa hiyo tukijua imekufa zamu ya nani tunajua wa kumkamata.

kisiwani_tech
Mie nafikiri ni Fast Startup ya Windows hiyo. Watu hawajui kuwa ukibonyeza Shut down Windows 10 haizimi kikwelikweli, inalala jicho moja wazi, inahifadhi hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na vifaa vyengine vinabaki hali isiyoeleweka, ukija na Ubuntu vinakutizama tu. Jaribu hivi, ukiwa Windows usibonyeze Shut down, bonyeza Restart, halafu chagua Ubuntu. Restart haitumii Fast Startup. Ikikubali basi nenda Control Panel, Power Options, ukaitoe ile tiki. Na hata isipokuwa ndo dawa itoe tu, maana hiyo hiyo ndo inafanya partisheni, yaani sehemu ya diski, ya Windows ukiifungua kutoka Ubuntu ikatae kuandikwa.

mwalimu_wa_wete
Ahsanteni. Nimefanya Restart kama alivyosema kaka hapo juu, wapi, vile vile. Tiki nimeitoa lakini.

Kwa fundi: kwenye GRUB mishale inapanda na kushuka vizuri. Caps Lock haiwaki, kitaa kimya kabisa. Apdeti... sasa hapa ndo naona haya kusema. Ilikuwa inajiapdeti usiku wa kuamkia juzi, ule mstari ushafika zaidi ya nusu, nikaenda kusali Isha, mtoto wa dada yangu akataka kupiga pasi sare ya skuli akachomoa plagi ya kompyuta kwenye ekstensheni akachomeka pasi. Narudi nakuta skrini nyeusi na mtoto anapiga pasi hana habari. Nlidhani haikudhuru kitu kwa sababu iliwaka.

fundi_mtaani
Hahaa, pasi! Basi tumempata. Kibodi GRUB inafanya kazi, Windows inafanya kazi, inakufa ikifika kwa kerneli tu, na wifi nayo imekufa pamoja nayo. Hayo mambo mawili hayana uhusiano wowote ila kwa draiva. Ubuntu ikikuletea kerneli mpya inaileta vipande vipande, kuna kerneli yenyewe, kuna pakeji ya moduli, ambazo ndo draiva, na kuna nyengine inaitwa linux-modules-extra ambamo mna rundo la draiva. Umeme ukikatika kipande kimoja kimeingia na chengine hakijaingia, kompyuta inawaka na kerneli mpya isiyo na mikono wala masikio.

Na wala huna haja ya kutia upya. Ubuntu haifuti kerneli ya zamani pale pale, inaibakisha kwa ajili ya siku kama hii. Kwenye GRUB shuka mpaka Advanced options for Ubuntu, bonyeza Enter, utaona orodha ya kerneli zenye namba. Ya juu kabisa ndo hiyo mbovu. Chagua ya namba ya chini yake, ile isiyoandikwa recovery mode. Uniambie.

mwalimu_wa_wete
WALLAHI IMEKUBALI. Nimechagua 6.8.0-51, kibodi inaandika, mausi inakwenda, wifi imerudi. Ya juu ilikuwa 6.8.0-52. Mitihani nshaikopi kwenye flashi mbili kabla hata ya kukuandikia.

kisiwani_tech
Umefanya la maana. Sasa fungua tamino, lile dirisha la kuandikia amri, utie hii uimalize kazi:

sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)

fundi_mtaani
Ngoja ngoja, hiyo usitie hivyo. uname -r inatoa namba ya kerneli unayoitumia sasa hivi, na sasa hivi mwalimu yuko kwenye 51 ambayo ni nzima. Itamwambia pakeji ishakuwepo, atashangilia, ataizima, akiwasha inarudi 52 ile ile kiziwi. Namba uandike mwenyewe kwa mkono. Kwa mpango huu, moja moja, usiruke:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
sudo apt install linux-modules-extra-6.8.0-52-generic
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ya kwanza inamalizia pakeji zilizobaki njia panda siku ile ya pasi. Ukitia paswedi kwenye tamino hutoona hata nyota moja, si kwamba kibodi imekufa tena, ndo ilivyo, we andika upige Enter. Na isiguswe plagi.

kisiwani_tech
Kweli kabisa, nimeteleza hapo. Fuata ya fundi.

ngalawa77
Mie bado nasema angenunua kibodi.

fundi_mtaani
Kuna kitu humo yakhe. Angekuwa na ile kibodi ya zamani ya plagi ya duara, tundu la zambarau nyuma ya kesi, huenda ingemfanyia kazi, kwa sababu hiyo haipiti USB kabisa. Ila ichomekwe kompyuta ikiwa imezimwa, ikiwa imewaka unaweza ukaunguza madabodi.

mwalimu_wa_wete
Nimemaliza. Ile ya kwanza ilichukua muda ikamimina maneno mpaka nikaogopa, ya nne ikashusha moduli kweli hazikuwepo. Nimeriboti bila kugusa GRUB, imeingia 52 yenyewe, kibodi na mausi zote hai. Allah akulipe fundi, na kisiwani pia.

Nina moja tena kabla sijaondoka. Nikitoka Ubuntu nikiingia Windows saa inarudi nyuma masaa matatu, sasa hivi ni saa mbili usiku yenyewe inanambia saa kumi na moja jioni. Nlidhani betri ya madabodi.

fundi_mtaani
Betri ikifa ingerudi nyuma miaka, si masaa matatu kamili. Ubuntu inaiweka saa ya madabodi kwa majira ya UTC, yale ya dunia nzima, na sisi tuko mbele yake masaa matatu, Windows inaisoma ikidhani ni saa ya hapa hapa. Ukiwa Ubuntu tia timedatectl set-local-rtc 1 halafu urekebishe saa mara moja. Itakulalamikia kidogo, iwache ilalamike.

mkoani_boy
Samahani kudandia, mie yangu inafanana lakini kibodi haifanyi kazi hata kwenye GRUB, inahesabu sekunde kumi inaingia Ubuntu yenyewe, ikishaingia kibodi inafufuka. Windows siifikii wiki ya pili sasa.

fundi_mtaani
Yako imekufa zamu ya BIOS, si ya kerneli, kwa hiyo haya yote hapo juu usiyaguse. Ingia BIOS utafute Fast Boot uizime na USB Legacy Support uiwashe. Kama kibodi haikubali hata kukuingiza BIOS, ukiwa Ubuntu andika systemctl reboot --firmware-setup, kama mashine yako ni ya UEFI, ile BIOS ya kisasa, itakupeleka yenyewe. Kibodi ni ya waya au ya kile kidubwasha cha wayalesi?

mkoani_boy
Wayalesi ya bluetooth.

fundi_mtaani
Aaah. Basi BIOS yako haiioni kabisa hiyo, bluetooth haiamki mpaka mfumo uwake. Kaazime ya waya.

ngalawa77
Si nilisema kibodi.