Azimio la kazi (mpango wa mada za mwaka) lifuate mbalamwezi? Naombeni ushauri

Mwalimu wa Ziwani:
Wakuu, habari za kazi. Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu, shule ipo jirani na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Ilemela, Mwanza. Dagaa wa huku wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Sasa wiki za giza zikiingia, mitumbwi inarudi alfajiri na watoto wangu wengi wanabaki mwaloni na mama zao kuanika. Anayekuja anafika saa nne, mikono ina mchanga, anasinzia. Mbalamwezi ikirudi darasa linajaa, lakini wenzao tumeshawavusha mada.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Ila umahiri wa mtoto asiyekuwepo nitaujenga vipi? Nataka mada mpya ziangukie wiki za mbalamwezi, wiki za giza ziwe za marudio. Tarehe za mwezi mpevu zinajulikana mapema, kwa hiyo azimio la mwaka mzima linapangika.

Pia nina binti mwenye ualbino. Mbele karibu na dirisha mwanga wa ziwa unamuumiza, nyuma haoni ubao.

Mama Ukerewe:
Pole na hongera, Mwalimu. Binti akae mbele, upande wa ukuta usio na dirisha, na awe huru kusimama kusogelea ubao. Kofia asivuliwe darasani. Andika herufi kubwa, na kila unachoandika kisome kwa sauti. Hata yule anayesinzia atanasa kitu. Mwambie mwalimu mkuu mapema, ili upimaji wa Darasa la Nne aombewe karatasi ya maandishi makubwa.

Jembe la Igoma:
Mwalimu, hapo kwenye wiki za giza sikubaliani nawe. Ukishapanga hivyo, mzazi ataona mwaloni ni ruhusa. Mtoto wa miaka tisa mahali pake ni shuleni. Kaeni na BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na mwenyekiti wa mtaa kwanza.

Mwalimu wa Ziwani:
Jembe, kikao lazima kiwepo, na nitakiomba mimi mwenyewe. Lakini wakati wazee wanajadiliana, mtoto anapanda darasa hajui sehemu. Hilo siwezi kulivumilia. Na hawa watoto si wazito: juzi nilileta ndoo tupu nikauliza robo na nusu zikichanganywa zinafika wapi. Aliyekuwa ametoka kuanika alijibu kabla sijamaliza, akaweka kidole palepale kwenye robo tatu. Ubaoni, swali hilohilo lilikuwa limemshinda.

Mama Ukerewe, asante sana. Kesho namhamishia binti upande wa ukuta.

Sengerema Kwetu:
Basi ndoo hiyo iingie kwenye andalio la somo kama zana, mdhibiti ubora wa shule aione. Azimio ukilimaliza libandike hapa, Mwalimu, nasi huku tunalihitaji kabla muhula haujaanza.