Binamu kaambiwa uraia wake una utata, mahakama inaweza kuingilia au ndo basi?

Mwana Ipinda
Mugonile wakuu. Binamu yangu kazaliwa Ipinda kasoma hapo hapo, mama yake wa kwetu ila baba alitokea ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na wa Kyela mnajua mto ule ndugu wako pande zote. Kafuatilia pasi ya kusafiria kaambiwa uraia una utata na karatasi zake zikabaki huko, sasa kuna mtu anasema waziri akishaamua hakuna mahakama inayogusa. Kweli? Mama mkubwa halali.

Kaka wa Uyole
Pole ndugu. Sheria ya Uraia ya 1995 kifungu cha 23 kweli kinasema uamuzi wa waziri ni wa mwisho. Ila soma kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyoko Arusha, Machi 2018. Jamaa alienda polisi Babati 2012 kwa mambo ya ndoa, pasi ikachukuliwa, 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamkataa akawa anaishi katikati ya mipaka pale Sirari, hana nchi. Mahakama ikasema mtu akiwa na hati za uraia na serikali inazipinga basi serikali ndo ithibitishe, tena ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria watu wapate pa kukimbilia mahakamani. Hapo kwa nani athibitishe ndo penyewe aisee, mpakani huku nani ana cheti cha babu yake?

Dada Sheria, Iringa
Ila Arusha mtu binafsi haendi tena moja kwa moja, Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kushtaki huko Novemba 2019 na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Pambaneni hapa nyumbani. Ombeni uamuzi kwa maandishi, halafu kibali cha mapitio, yaani mahakama iupitie uamuzi huo, Mahakama Kuu Mbeya ndani ya miezi sita. Akishtakiwa kuwepo nchini isivyo halali hiyo ni jinai, inaanza kwa hakimu, akitiwa hatiani notisi ya rufaa ni siku 10 tu, na jaji wa rufaa atapima ushahidi ule ule ulioingia kwa hakimu kwa hiyo mkunga, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji, wote waitwe mwanzoni, msiweke akiba!!

Baba Neema
Marekani mtu akidai uraia kwenye kesi ya kufukuzwa, mahakama ya rufani inaliamua yenyewe, na kama ukweli unabishaniwa inalipeleka kwa jaji wa wilaya ushahidi usikilizwe upya. Na huku iwe hivyo jamani, uraia wa mtu ni mzito mno kuishia kaunta.

Mwana Ipinda
Asanteni sana, Mungu awabariki. Barua ya kuomba uamuzi wa maandishi naandika leo. Dada, cheti cha ubatizo cha mama yake kutoka usharikani kinakubalika au mpaka kiapo?

Dada Sheria, Iringa
Leta vyote viwili.