Mrejesho: tezi za kwapa za dada yangu

Wapendwa, niliuliza kama dada yangu wa hapa Kisumu, aliyewahi kupunguzwa matiti kabla ya kupata saratani ya titi, anaweza kupimwa tezi chache tu za kwapa, kuona kama imeenea huko, au lazima zote zitolewe. Imewezekana! Daktari alidai kwanza ripoti ya upasuaji ule wa zamani, kwa kuwa makovu yanaweza kukata njia za limfu (majimaji ya mwili yanayotoka kwenye titi kwenda kwenye tezi), hasa mkato ukiwa ulipita kwapani. Rangi ya buluu ikadungwa karibu na chuchu, ikasafiri hadi tezi za kwanza, na hizo ndizo zikatolewa. (Mkojo ukageuka kijani, tukashtuka sana; ni rangi tu.) Tezi hazina saratani, nashukuru Mungu. Nyingine hazikuguswa. Mliowekewa silikoni kwenye matiti, mwambieni daktari mapema: ikivuja huweza kuvimbisha tezi bila saratani yoyote.