Mjadala: Je, Uganda ichunguze vinasaba vya wagonjwa wake wa saratani sasa, au isubiri?

Mleta mada:
Naliweka swali hili wazi kwa sababu wengi husema fedha yote iende kwenye dawa na mashine za mionzi. Mimi nasema uchunguzi uanze, na hoja yangu inatokana na RNA ndogo zisizotengeneza protini; RNA ni nakala fupi zinazotolewa kwenye vinasaba, nazo huandikwa kwa herufi za kikemikali.

Zinazojulikana zaidi ni mikro-RNA, zenye herufi zipatazo 22 tu, ambazo huzibana jeni nyingine zisizalishe protini kupita kiasi. Mwaka 2002 ilionekana kwamba wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu wamepoteza kipande cha kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 13 chenye mikro-RNA mbili, miR-15a na miR-16. Zikikosekana hizo, protini ya BCL2, inayozuia seli kufa, huongezeka, na seli iliyopaswa kufa huendelea kuishi. Wala si lazima kipande kizima kipotee. Katika mikro-RNA nyingine, miR-146a, herufi moja, C mahali pa G, hubadilisha kiasi kinachokomaa, na uhusiano wake na saratani haujatoka sawa katika kila jamii iliyopimwa. Basi kipimo cha damu cha kupima mikro-RNA, ambacho kiwango chake cha kawaida kimetokana na Wazungu, kitamsomaje mtu wa Masaka ambaye kiwango chake ni cha kuzaliwa nacho?

Mchangiaji kutoka Gulu:
Ndugu, mama yangu mdogo alisubiri mionzi miezi miwili. Kusomewa herufi kusingemsaidia. Tena damu yetu huchukuliwa, majibu hatuyaoni.

Mleta mada:
Pole sana, ndugu yangu. Sitaki shilingi hata moja ipunguzwe kwenye mionzi, na kuhusu majibu niko upande wako kabisa. Watoto waliovimba taya kwa saratani, ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaeleza mwaka 1958, aliwaona Kampala. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka huku ndivyo vilivyowezesha virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na saratani hiyo, kugunduliwa London mwaka 1964. Na mwaka 2004 virusi hivyo hivyo vikawa vya kwanza kukutwa na mikro-RNA zake vyenyewe. Ugonjwa ulikuwa wetu, maabara za wengine. Tukisubiri, itakuwa vivyo hivyo tena.

Msingi tunao. Vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa vijiji vya kusini-magharibi vimekwisha kuchunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2019, kwa hiyo tofauti zilizo za kawaida kwetu zinaweza kutenganishwa na zile zinazoambatana na uvimbe. Ninachoomba ni kichupa kimoja cha ziada, kile cha kifuniko cha zambarau, pale mgonjwa anapotolewa damu kwa vipimo vyake vya kila siku; kichambuliwe humu nchini, na kabla ya kutia sahihi aelezwe kwa Kiganda, Kiacholi au lugha yoyote aliyo nayo, pamoja na tarehe ya kurudishiwa majibu.