Binti yangu wa miaka mitano analalamika maumivu akikojoa, vipimo havioni kitu: naomba ushauri

Mama Nasra

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Nina binti wa miaka mitano anayesoma darasa la awali hapa Tanga mjini. Tangu mwezi wa sita mwishoni, tuliporudi kutoka kwa bibi yake Muheza, amekuwa akilalamika kwamba akikojoa "panachoma". Si kila siku. Anaweza kukaa siku nne akicheza kama kawaida, kisha siku ya tano akaenda chooni mara nane kabla ya adhuhuri, akatoa matone tu na kurudi analia. Hana homa, hatapiki, na sijaona damu kwenye mkojo wake. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu, na sasa amerudia mara tano ndani ya mwezi mmoja.

Nimempeleka vituo viwili. Katika kituo cha kwanza mkojo ulipimwa kwa kijiti, nikaambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa ya maji ya siku tano. Alipata nafuu wiki moja. Hali iliporudi nilikwenda kituo cha pili, majibu yakatoka safi, lakini nikapewa dawa nyingine nikiambiwa ni kwa tahadhari. Sasa muuza duka la dawa ananishauri achomwe sindano. Kabla sijakubali, naomba kusikia kutoka kwa wazazi waliopitia hali hii na wataalamu walioko humu.

Bi Mkubwa wa Makorora

Pole sana mwanangu. Sisi tulikuwa tukichemsha majani ya mwarobaini, yakipoa mtoto anakalishwa kwenye beseni. Jaribu hilo kwanza kabla ya sindano. Na umpe maji ya dafu kila asubuhi.

Muuguzi Mstaafu

Mama Nasra, pole. Bi Mkubwa, nakuheshimu, na dafu sina ugomvi nalo, lakini majani ya mwarobaini nakuomba tuyaache. Ngozi ya sehemu za siri za mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo ni nyembamba mno, na mara nyingi kinachochoma si mkojo wenyewe bali ni mkojo kupita juu ya ngozi iliyokwisha kukwaruzwa na sabuni, dawa ya kuua vijidudu iliyomiminwa kwenye maji ya kuogea, au chupi iliyofuliwa kwa sabuni ya unga na kusuuzwa mara moja. Mtoto wa umri huo hawezi kutofautisha maumivu ya ndani na ya nje; yeye anajua panachoma tu. Kwa hiyo kwa wiki mbili mwoshe sehemu hizo kwa maji matupu, mvalishe chupi za pamba zisizombana, alale bila chupi, na umfundishe kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma.

Angalia pia minyoo. Kuna vijiminyoo vyeupe, vidogo kama vipande vya uzi, ambavyo hutoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa, na kwa watoto wa kike vinaweza kutambaa hadi mbele na kuleta mwasho na maumivu ya kukojoa. Mtoto akishapitiwa na usingizi, mmulike kwa tochi. Ukiviona, nyumba nzima inywe dawa siku moja na kuirudia baada ya wiki mbili, maana dawa haiui mayai.

Kuhusu sindano, usikubali. Siku hizi kila anayeumwa kiuno ana UTI, na mtoto asiye na homa, ambaye kipimo chake cha mwisho kilikuwa safi, hana sababu ya kuongezewa dawa ya tatu. Nenda hospitali yenye maabara inayoweza kuotesha mkojo, yaani kuutunza ili ionekane kama kuna bakteria wanaoota ndani yake. Mwoshe kwa maji, umwache akojoe kidogo kwanza, kisha ukinge mkojo wa katikati kwenye kikopo safi ulichopewa maabara. Usiuchote kwenye poti, kwa sababu vijidudu vya poti vitaota na mtatibu poti. Ufike maabara ndani ya saa moja, na mtoto awe hajanywa dawa ya kuua bakteria siku za karibuni, la sivyo huenda kisiote kitu hata kama ugonjwa upo.

Mwana wa Konde

Umetaja Muheza na sijaona mtu aliyeuliza: je, mtoto aliingia mtoni au bwawani? Mimi ni mtu wa Pemba, nimekulia kwenye kichocho, na nawaambia kwamba huku pwani hatuwezi kuzungumzia mkojo wa mtoto tukaruka jambo hilo. Konokono wadogo wa maji baridi hutoa viluwiluwi vinavyopenya ngozini mtoto anapooga au kusindikiza wanaofua. Damu huonekana mara nyingi mwishoni mwa mkojo, katika yale matone ya mwisho, kwa hiyo mwambie amalizie kwenye kikopo cheupe uone. Wakati mwingine damu haionekani kwa macho kabisa.

Mkojo wa kichocho hupimwa ukichukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu huo ndio muda mayai hutoka kwa wingi, na ukipeleka mkojo wa alfajiri unaweza kuambiwa hakuna kitu. Mayai pia hayaonekani mara tu baada ya kuingia majini; huweza kupita miezi miwili au zaidi. Kama mlikwenda mwezi wa sita tu, huenda ni mapema, ila kama huenda huko kila likizo, mpime.

Baba Mapacha

Kwangu alikuwa wa kiume, miaka minne, hajatahiriwa. Govi lilikuwa limevimba na kuwa jekundu kwa ndani, na sisi tukahangaika na vipimo vya mkojo mwezi mzima bila mtu yeyote kumvua kaptura akamwangalia. Mwombe daktari amkague kwa macho, ukiwepo wewe mwenyewe.

Mama Nasra

Nawashukuru sana. Muuguzi, shikamoo. Nakiri kwamba nilikuwa nikimwogeshea maji yenye dawa ya kuua vijidudu kila jioni tangu tatizo lianze, nikidhani namsaidia. Nimeacha. Tochi imefanya kazi siku tatu mfululizo na sijaona mnyoo. Bibi yake anakubali kwamba wajukuu walicheza kwenye kijito, si mara hii tu bali na Desemba iliyopita.

Tabibu wa Zamu

Mama, naongeza maswali manne, na usiudhike na la mwisho.

Je, anakunywa maji mengi kupita kawaida na kukonda? Kama ndivyo, apimwe sukari leo hii, usisubiri wiki ijayo. Wazee wetu waliangalia kama sisimizi wanafuata mkojo, lakini tone moja la damu ya kidole linajibu vizuri zaidi.

Je, anapata choo kila siku, na kikoje? Wazazi wengi hushangaa nikiwauliza habari za haja kubwa wakati wamekuja kwa haja ndogo. Utumbo wa mwisho umekaa nyuma tu ya kibofu. Ukijaa kinyesi kigumu unakisukuma kibofu, mtoto anakwenda chooni kila mara, anatoa matone, hamalizi mkojo wote, anajikojolea usiku, na ule mkojo unaobaki unakaribisha maambukizi ya kweli. Mtoto anaweza kupata choo kila siku na bado akawa amejaa.

Je, anabana mkojo? Mwangalie akicheza. Akichuchumaa ghafla na kukalia kisigino chake, akatulia kimya kwa sekunde chache kisha akaendelea na mchezo, huyo anazuia.

La mwisho: je, kuna mtu anayemfanyia jambo lisilofaa? Maumivu ya aina hii mara nyingi hayatokani na hilo, lakini ni lazima kila mzazi ajiulize. Muulize kwa utulivu, mkiwa wawili, bila kumtajia jina la mtu wala kumwekea maneno mdomoni. Ukiwa na shaka, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na umfikishe hospitali kwanza kabla hujamwogesha.

Akipata homa, akatapika, akalalamika mgongo au ubavu, au akashindwa kabisa kukojoa, apelekwe siku hiyohiyo.

Mama Nasra

Tabibu, sikuudhika. Nilizungumza naye jana tukiwa tunachambua mchele, sikumtajia mtu yeyote, nikamuuliza tu chooni shuleni kukoje. Akanyamaza, kisha akasema tundu la choo ni kubwa, na kwamba rafiki yake alimwambia mtoto mdogo anaweza kutumbukia. Kumbe haendi. Tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa saba mchana, mtoto wangu hakojoi. Na hicho kisigino ulichokisema, nimekiona jana hiyohiyo mara mbili, nami siku zote nilidhani ni mchezo wake.

Mama Nasra

Narudi na majibu baada ya wiki tatu. Mkojo ulioteshwa, haukuota kitu. Sukari ilikuwa sawa. Mkojo wa saa sita mchana ulipimwa kichocho siku mbili tofauti bila kuonekana mayai; daktari amesema tuurudie mwezi wa kumi kwa sababu ya kile kijito. Alimkagua kwa macho, akakuta ngozi ina wekundu kidogo unaopungua. Kisha akamlaza na kumbonyeza tumbo upande wa kushoto chini, akanishika mkono na kuuweka pale: kulikuwa na vitu vigumu vilivyopangana kama kokwa za fenesi. Naye anapata choo kila siku, tena nilikuwa nikijivunia!

Amepewa laktulosi ya kulainisha choo. Nyumbani anakaa chooni dakika tano baada ya kila mlo, miguu ikiwa juu ya kigoda ili isining'inie, na anakojoa kila baada ya saa mbili hadi tatu hata kama anadai hana mkojo. Mwalimu wake amekubali wasindikizane wawili wawili wakati wa mapumziko, na tumewekewa ubao wenye tundu dogo juu ya lile kubwa, kazi ya fundi mmoja mzazi. Kuchoma kumekwisha tangu wiki ya pili. Kitandani amelowesha mara mbili. Swali langu la mwisho: choo sasa ni laini na hana maumivu, je, nisimamishe dawa?

Muuguzi Mstaafu

Usisimamishe, mama. Utumbo uliotanuka kwa muda mrefu haurudi hali yake kwa wiki tatu, nao wazazi wengi huacha dawa hapo ulipofika wewe, kisha wanaanza upya. Hesabu miezi, na daktari ndiye atakayepunguza dozi kidogo kidogo. Hizo mara mbili za kitandani usimgombeze wala usizisimulie mbele ya wageni. Na huo ubao, tafadhali mwombe fundi atuwekee picha yake humu, wapo wengine watakaouhitaji.